Daftari Langu Halina Jumamosi

Jumatatu nilirudishiwa daftari la mazoezi ya vitendo ya kilimo hapa chuoni. Nilikuwa nimeandika pembezoni, kwa herufi ndogo kwa kuwa nafasi haikuwepo: "Jumamosi, saa 12 asubuhi hadi saa 11 jioni. Jumapili vile vile." Juu ya maneno yangu umepita mstari wa wino mwekundu, na chini yake imeandikwa: "Jaza siku za masomo tu." Ukurasa una mistari mitano, Jumatatu mpaka Ijumaa, na hapo wiki imekwisha.

Nimekasirika, na hasira yenyewe haijanitoka.

Tunaotoka Pemba ndio tunaobaki chuoni wikiendi. Wenzetu wa mjini, Ijumaa baada ya sala wameshapanda dala, na Jumapili usiku wanarudi na mikoba ya vyakula vya mama zao. Siwalaumu. Ningekuwa na kwetu Mwanakwerekwe nami ningekwenda. Lakini nauli ya boti ya Mkoani, kwenda na kurudi, ni chakula changu cha siku nyingi. Basi anayepanga zamu kila akitazama orodha anaona majina yale yale. "Nyinyi si mpo tu," alituambia. Tupo, ndiyo. Na jikoni Jumapili kumefungwa, lakini hilo nitaliandikia siku yake.

Kuwepo huko ni kufanya nini? Alfajiri tunakunja mapazia ya pembeni kabla jua halijapanda, maana Februari kitalu nyumba chetu cha tungule (nyanya) kikichelewa kufunguliwa, saa nne tu hakuingiliki. Tunasafisha chujio. Tunapita mche kwa mche kutazama matone ya mipira ya kumwagilia, kwa sababu maji yetu ya Unguja yanatoka kwenye mawe ya chokaa na yanaacha ukoko mweupe unaoziba vitundu. Mbolea ya kalsiamu naitreti ina pipa lake, za salfeti na fosfeti zina pipa lao. Ukizikutanisha zikiwa nzito zinagandana na kutuama chini kama chaki, na mmea haupati kitu. Umande ukikauka tunatingisha kamba za mitungule, mstari mmoja baada ya mwengine. Wavu unaomzuia inzi mweupe unazuia upepo na nyuki pia, na ua la tungule lisipotingishika chavua haianguki vizuri. Halafu kuhesabu wadudu kwenye karata za njano za gundi, kuondoa machipukizi ya kwapani, kuangalia majani kama kuna njia za kantangaze, kiwavi anayetoboa majani ya mitungule. Mlango wa pili haufunguliwi mpaka wa kwanza ufungwe, wadudu wasiingie. Mwezi wa Ramadhani ni hivyo hivyo, na funga juu yake.

Jumapili moja umeme ulikatika saa sita mchana. Pampu ikanyamaza. Waliokuwepo Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010, ile miezi mitatu ya giza, wanajua ukimya huo; kwetu Pemba wakubwa wanasimulia majenereta ya Wesha, kabla waya wa baharini kutoka Tanga haujafika 2010. Mimi niliusikia ndani ya kitalu, kipimajoto kikisoma 38. Mimea yetu imepandwa kwenye mifuko ya makumbi ya nazi yaliyosagwa, haina udongo wa kuhifadhi maji mpaka jioni. Tulikuwa wawili, na miche 400. Nusu lita kila mche ni lita 200, yaani ndoo kumi kubwa kutoka mferejini, na tulizunguka mara tatu kabla umeme haujarudi. Mwenzangu alikuwa analia na anabeba. Hatukupoteza hata mche mmoja.

Hiyo ndiyo Jumapili iliyopigwa wino mwekundu.

Na muhula uliopita tuliona kinyume chake. Wikiendi moja ya sikukuu hakupangwa mtu. Vitundu vya matone vikaziba mistari miwili, Jumatatu tukaikuta mimea imelala, tukainywesha, ikainuka, kila mtu akasema alhamdulillahi. Baada ya siku kadhaa tungule zikaanza kuoza kitako, doa jeusi lililobonyea, tukazitupa kwa madebe. Kalsiamu ilikuwepo pipani muda wote. Lakini kalsiamu inasafiri na maji, na maji yakisimama siku mbili tunda changa haliipati, hata ukilinywesha vipi baadaye. Mwalimu alitufundisha somo hilo darasani Jumanne, vizuri kabisa, akachora na mchoro. Somo lenyewe lilikuwa limepita Jumapili, na hakuna aliyehudhuria.

Ndiyo maana nashindwa kukubali mistari mitano. Mtungule haujui Ijumaa. Hoteli za Nungwi na Paje zinataka tungule kila asubuhi, nyingi zinavushwa kutoka Bara, na sisi ndio tunaoambiwa tutalima za hapa hapa. Tutalima vipi ikiwa chuo kinatufundisha kwamba kazi inahesabiwa siku tano? Atakayeniajiri ataniuliza kama nimewahi kubaki na mimea 400 na pampu imezima. Nimewahi. Sina karatasi ya kuonyesha.

Nitakubali jambo moja, ingawa linaniuma: fomu haikutungwa na mwalimu aliyeyakata maneno yangu, naye ana watoto wanaomsubiri nyumbani Jumamosi. Na niliyoyajua kuhusu tungule, mengi nimeyajua wikiendi hizo hizo. Lakini kama ndiko tunakojifunza, basi ndiko kunakostahili alama, na zamu igawiwe kwa darasa zima, wa mjini na wa Pemba.

Jana usiku nilichukua rula. Chini ya Ijumaa nimeongeza mistari miwili, kila ukurasa, mpaka mwisho wa daftari. Nitalipeleka kusainiwa Jumatatu, likiwa limejazwa siku zote saba.