Makato ya Mnada wa Mtandaoni Yaonekane Kabla ya Dau la Kwanza

Mtu anayeuza kitu chake kwenye mnada wa mtandaoni hukubali sharti moja gumu tangu mwanzo, nalo ni kwamba hajui atauza kwa bei gani. Wanunuzi ndio watakaopandishiana dau, muda ukiisha mwenye dau kubwa atachukua, na muuzaji hana ruhusa ya kubadili nia. Kwa sababu hiyo naamini kwamba muuzaji wa mnadani, kuliko muuzaji mwingine yeyote, anastahili kuonyeshwa kabla hajabandika hata picha ya kwanza kiasi atakachobaki nacho kwa kila bei inayoweza kufikiwa. Badala ya hesabu hiyo, huonyeshwa kiwango kimoja cha asilimia kilichoandikwa kwa ufasaha, kisha masharti mengine yametawanywa katika kurasa za msaada ambazo watu wengi huzifungua pale tu fedha zinapokuwa zimekwisha kukatwa.

Nitaizungumzia eBay ya Marekani kwa sababu ndiyo iliyoufanya mnada wa mtandaoni kuwa biashara ya kila mtu, na kwa sababu viwango vyake viko hadharani. Pierre Omidyar aliianzisha huko California mnamo Septemba 1995 kwa jina la AuctionWeb, na mwanzoni hakumtoza mtu chochote. Wateja walipoongezeka, kampuni iliyokuwa ikimpa huduma ya intaneti ilimpandishia malipo kutoka dola 30 hadi dola 250 kwa mwezi, naye akaanza kuwaomba wauzaji sehemu ndogo ya mauzo yao. Hakuna ubaya katika asili hiyo. Soko lina gharama zake, na anayeleta mnunuzi kutoka upande wa pili wa dunia anastahili ujira wake. Ninachokipinga ni jinsi ujira huo ulivyokua kwa miaka thelathini, kwa kuongezewa kitu kidogo hapa na kitu kidogo pale, hadi muuzaji wa kawaida asiweze tena kuukokotoa kichwani.

Tangu Februari 2025, muuzaji wa Marekani asiye na duka la kulipia kwenye mtandao huo hukatwa asilimia 13.6 katika aina nyingi za bidhaa, pamoja na senti 40 kwa kila oda inayozidi dola 10, au senti 30 kwa oda isiyozidi kiasi hicho. Msomaji wa haraka ataelewa kwamba kitu cha dola 100 kitamgharimu kama dola 14. Sivyo. Asilimia hiyo haihesabiwi juu ya bei ambayo kitu kimeuzwa, bali juu ya jumla yote aliyolipa mnunuzi, ikiwamo gharama ya usafirishaji na kodi ya mauzo ya jimbo.

Tuchukue kamera ya zamani ya filamu. Mnada umeishia dola 100, mnunuzi amelipa dola 15 za posta, na jimbo lake linatoza kodi ya asilimia 8 juu ya vyote viwili, yaani dola 9 na senti 20. Jumla ni dola 124 na senti 20, na asilimia 13.6 ya kiasi hicho ni dola 16 na senti 89. Ukiongeza senti 40 za oda, makato yanakuwa dola 17 na senti 29, ambayo ni zaidi ya asilimia 17 ya bei ya kamera yenyewe. Muuzaji akishalipa posta dola 15, na akitumia dola 3 kwa boksi imara na plastiki ya mapovu ya kuzuia lenzi isivunjike, anabaki na dola 79 na senti 71. Huenda kiasi hicho kinamridhisha kabisa, na sina neno na hilo. Neno langu ni kwamba alistahili kukijua kabla ya mnada kuanza, wakati bado ana hiari ya kuiuza kamera kwa jirani au kuirudisha kabatini.

Katika vitu vidogo hali ni mbaya zaidi, na hapa ndipo naomba msomaji asimame nami kidogo. Ushauri ambao wauzaji wa mnadani wamepeana kwa miaka mingi ni kuanza na dau dogo, mara nyingi senti 99, ili watu wavutiwe na waanze kushindana. Sasa chukua kitu kidogo, tuseme kikombe cha kumbukumbu, ambacho ushindani haukutokea, kikachukuliwa na mtu mmoja kwa senti 99 hizo hizo. Mnunuzi amelipa posta dola 5 na kodi ya asilimia 8, jumla dola 6 na senti 47. Asilimia 13.6 ya jumla hiyo ni senti 88, na ada ya oda ni senti 30. Makato yote ni dola 1 na senti 18. Muuzaji amekatwa zaidi ya bei aliyouzia. Ametoa kikombe chake, amelipia boksi, amepanga foleni posta, na juu ya yote hayo ametoa senti 19 mfukoni mwake ili apewe haki ya kukitoa. Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angekubali biashara hiyo kama hesabu yake ingewekwa mbele ya macho yake.

Mtetezi wa utaratibu huu atasema kwamba muuzaji angeweza kujilinda kwa kuweka bei ya chini ya siri, ambayo dau lisipoifikia kitu hakiuzwi. Ni kweli kinga hiyo ipo, lakini nayo inauzwa: ada yake huanzia dola 5, au asilimia 7.5 ya bei hiyo ya siri ikiwa kiasi hicho ni kikubwa zaidi, na hutozwa hata kama kitu hakikuuzwa. Mwenye kikombe hawezi kulipa dola 5 kulinda kitu cha dola 4. Kwa hiyo kinga iko kwa ajili ya mwenye kitu cha thamani, na mwenye vitu vidogo vidogo, ambaye ndiye anayeumizwa zaidi na ada zisizobadilika, anabaki bila kinga. Nawafikiria watu wetu walioko ughaibuni ambao huuza nguo za watoto waliokua, simu za zamani na vyombo vya ndani ili kupata cha kutuma nyumbani. Kwao, kuuza kikombe kimoja kwa hasara na kuuza vikombe kumi kwa hasara ni mambo mawili tofauti sana.

Kuhusu makato juu ya usafirishaji, nitakuwa mkweli: yana sababu inayoeleweka. Kabla ya mwaka 2011 baadhi ya wauzaji walikuwa wakiandika bei ya senti 99 na posta ya dola 30 ili kukwepa ada, na soko likalazimika kuziba mwanya huo kwa kuitoza posta pia. Muuzaji mwaminifu anabeba mzigo wa ujanja wa wenzake, lakini walau mantiki ya jambo hilo anaweza kuifuata.

Kodi ni jambo jingine. Mnamo Juni 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyolihusu jimbo la South Dakota na kampuni ya Wayfair, kwamba majimbo yanaweza kudai kodi ya mauzo hata kwa muuzaji asiye na ofisi ndani ya jimbo husika. Majimbo yakatunga sheria za kuyataka masoko ya mtandaoni yenyewe yakusanye kodi hiyo. Fedha hizo hutoka kwa mnunuzi, hupitia kwenye soko na kwenda serikalini. Muuzaji hazigusi wala hazioni, na kiwango chake hutegemea anakoishi mnunuzi ambaye muuzaji hamjui hadi mnada uishe. Hata hivyo anakatwa asilimia 13.6 ya fedha hizo. Hoja inayotolewa ni kwamba kushughulikia malipo ya kadi kuna gharama, na gharama hiyo huhesabiwa juu ya jumla yote. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kodi ingetozwa asilimia ya kushughulikia malipo peke yake. Zamani, malipo yalipokuwa yakipitia PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, kiwango chake cha kawaida nchini Marekani kilikuwa asilimia 2.9 na senti 30. Lakini kuitoza kodi ya serikali kamisheni ile ile ya kutafutiwa mnunuzi, kana kwamba soko ndilo lililoitafutia kodi hiyo mteja, ni jambo ambalo siwezi kuliita haki kwa lugha yoyote ninayoijua.

Kisha kuna matangazo. Anayeuza kwa bei maalumu, yaani bei aliyoipanga mwenyewe, badala ya mnada huombwa, mwishoni mwa fomu ya kuorodhesha bidhaa, akubali asilimia ya ziada ili bidhaa yake ionekane mapema zaidi katika matokeo ya utafutaji. Inaitwa hiari. Ila majirani zako wote wanapoikubali, bidhaa yako isiyolipiwa inasukumwa chini mahali ambapo mnunuzi hafiki, na hiari inageuka kuwa ada nyingine yenye jina la upole. Kamera yetu ya dola 100, kwa tangazo la asilimia 5 linalohesabiwa nalo juu ya jumla yote, ingepungukiwa na dola 6 na senti 21 nyingine, na muuzaji angebaki na dola 73 na nusu.

Sijagusia kamera inayorudishwa. Mnunuzi akidai kwamba haifanani na maelezo, na dai lake likakubaliwa, muuzaji hurejesha fedha zote pamoja na posta ya kwanza, hulipia posta ya kuirudishia, na ile senti 40 ya oda hairudi. Kwa mfano wetu, kamera itakuwa mkononi mwake tena na dola 33 na senti 40 zitakuwa zimekwenda.

Wapo wanaoona kwamba dawa imepatikana Ulaya. Ujerumani mwaka 2023 na Uingereza mnamo Oktoba 2024, eBay iliwaondolea ada za kuuza watu binafsi wasio wafanyabiashara. Wengi walishangilia. Lakini nchini Uingereza, mnamo Februari 2025, ilikuja ada ya kumlinda mnunuzi, ambayo huongezwa juu ya bei na kulipwa na mnunuzi mwenyewe. Kwa bidhaa ya bei maalumu mtu anaweza kubishana ni nani hasa anayeibeba. Kwa mnada, mimi naona jibu liko wazi: mnunuzi mwenye paundi 50 za kutumia ataishia dau la chini kidogo ili abakishe ya kulipia ada, na upungufu huo unatoka kwa muuzaji. Nyumba kuu za mnada za London, Christie's na Sotheby's, zilianza kutoza wanunuzi ada ya aina hiyo mwaka 1975, na miaka hamsini baadaye bado ipo, imekua, na anayepandisha dau kwa busara huiondoa kwanza kichwani mwake kabla ya kuinua mkono. Ada iliyohamishwa upande wa pili wa meza haijafutwa.

Kwa hiyo siombi ada zifutwe, na wala sidhani kuna soko linaloweza kuishi bila ada. Ninachodai kinafanyika kwa urahisi, na tumekwisha kukiona kikifanyika kwetu. Huduma za fedha kwa simu zilipoenea Kenya baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007, wakala alikuwa na karatasi ya viwango ukutani, na mtu aliona atakatwa kiasi gani kabla hajakabidhi noti zake. Huduma za mikopo na nyinginezo zilipohamia ndani ya simu, ambako hakuna ukuta wa kubandika karatasi, gharama zikaanza kujificha. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliwaagiza watoa huduma waonyeshe gharama kwenye simu ya mteja kabla hajathibitisha muamala. Agizo hilo halikupunguza ada ya mtu yeyote kwa amri. Lilimpa mteja tarakimu mapema, wakati bado anaweza kusema hapana.

Soko la mnada linaweza kufanya hivyo kwa muuzaji. Lina uzito wa kifurushi, lina aina ya bidhaa, lina kumbukumbu ya mamilioni ya mauzo yaliyopita, na linajua kodi ya kila jimbo. Linachotakiwa ni kuweka, juu kabisa ya kitufe cha kuthibitisha, mistari michache: ikiuzwa kwa senti 99 utadaiwa kiasi hiki, ikiuzwa kwa dola 20 utabaki na kiasi hiki, ikirudishwa utapoteza kiasi hiki. Kazi ya siku chache kwa wahandisi wao.

Sheria mpya za nchi za Magharibi bado hazijafika hapo, kwa kuwa zimemtazama mnunuzi peke yake. Uingereza imepiga marufuku tangu Aprili 2025 bei zinazoongezewa ada za lazima hatua kwa hatua hadi kwenye malipo. Kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani iliyoanza kutumika Mei 2025 inahusu tiketi za matukio kama matamasha na michezo, na malazi ya muda mfupi tu. Mtu anayeuza kamera ya marehemu babu yake hayumo katika sheria hizo, ingawa naye, siku ile anapobonyeza kitufe, ananunua huduma kwa bei ambayo hajaonyeshwa. Kanuni ya Marekani inaweza kupanuliwa kumfikia, na wauzaji wanaoishi huko, wakiwamo wanaosoma makala haya kwa Kiswahili, wana haki ya kuandika maoni kwa Tume hiyo kila inapofungua mlango wa kukusanya maoni ya umma.