Kamera Yako Ni Mark Ngapi?

Kila kamati ya harusi hapa Dar es Salaam ina mjumbe mmoja ambaye mchango wake bado ni ahadi, ila maswali yake ni taslimu. Chakula hakimsumbui, mapambo kayapitisha bila neno, ukumbi kaambiwa umeshalipiwa, kaitikia. Ikifika kwenye kipengele cha picha na video ndipo anavuta kiti mbele, anasafisha koo na kuuliza: "Mpiga picha, kamera yako ni Mark ngapi?"

Kamera yangu haina Mark. Ni Canon 600D, ya mwaka 2011, megapikseli 18, na imenilipia kodi ya nyumba na ada za shule bila kuomba likizo. Lakini nikiitaja mbele ya kamati, mweka hazina anairudisha bahasha ya advansi mfukoni taratibu, huku akinitazama kwa huruma. Wao wanataka kusikia 5D, kaka yake mkubwa. Tena si 5D kavu, wanataka na Mark yake, yaani ni toleo la ngapi. Mark Two ilitoka 2008, Mark Three 2012, Mark Four 2016, na kwa hesabu za kamati, kadiri Mark inavyopanda ndivyo ndoa itakavyodumu.

Sasa Kwaresma imeingia, harusi za kanisani zimesimama, mimi nimekaa na kijihela changu nilichokibana tangu Krismasi. Ninunue bodi mpya, yaani kamera yenyewe bila lenzi, au nibaki na bodi hiihii nitafute lenzi ya maana? Usiku nawaza bodi, asubuhi nawaza lenzi, mchana naona heri ningesomea ufundi bomba.

Tuanze na giza, maana ndilo ninalolipwa kupambana nalo. Asubuhi kanisani padri anatangaza hata kabla ya wimbo wa kuingia: flashi marufuku. Sawa, ni nyumba ya Mungu, siwezi kubishana. Jioni ukumbini flashi ruksa, ila mpambaji ametandaza vitambaa vyeusi dari nzima. Flashi ninayoielekeza juu ili irudi chini kwa upole inakwenda na hairudi. Halafu kuna kijana wa taa. Mashine yake ina rangi zote alizoumba Mwenyezi Mungu, yeye kachagua zambarau. Maharusi wanaingia wakiserebuka ndani ya zambarau na moshi, MC anapayuka, "Wapiga picha, kazi kwenu!", na mimi huku kwenye kioo cha kamera naona meno tu.

Lenzi niliyonayo ni ile iliyokuja ndani ya boksi, milimita 18 mpaka 55. Ukiivuta hadi mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Namba hizi zinasomwa kinyume: namba kubwa ni tundu dogo, namba ndogo ni tundu kubwa, kwa sababu ni urefu wa fokasi wa lenzi, zile milimita zake, uliogawanywa kwa upana wa tundu. Aliyezipanga hakuwa na nia njema na sisi tulioachana na hesabu kidato cha pili. Ila hata mimi naelewa hili: lenzi ya 50mm yenye f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ule wa f/5.6. Mara kumi! Katika maisha yangu hakuna kingine kilichowahi hata kuniahidi mara kumi, isipokuwa upatu fulani, na waandaaji wake walihama mji.

Bila huo mwanga nafanyaje? Napandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Kwenye 600D ukifika 6400 umefika mwisho wa lami, na picha zinajaa chenga. Bibi harusi kapakwa vipodozi tangu alfajiri, kakaa kwenye kiti mpaka mgongo umekufa ganzi, mimi namkabidhi chenga. Nikikataa chenga, natakiwa niipe picha muda mrefu zaidi, na hapo bwana harusi anayecheza anatoka na mikono minne.

Mwenyekiti haoni haya yote. Yeye anaona namba ya megapikseli. Na kila ukumbi una mjomba wa bibi harusi mwenye simu ya bei mbaya. Anasimama mbele yangu wakati wa kukata keki, mgongo mpana kama geti la ghala, na akigeuka ananiambia, "Mpwa wangu, hii simu ina megapikseli 200. Hiyo yako?" Namwambia 18. Anacheka mpaka ndafu inatikisika mezani. Sina nafasi ya kumweleza kwamba simu kama Samsung Galaxy S23 Ultra, ambayo kweli ina pikseli milioni 200, ikiachwa ilivyotoka kiwandani inaunganisha pikseli 16 kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12. Ananicheka na 18 zangu, huku anapiga 12! Sina nafasi pia ya kumweleza kwamba ukurasa wa A4 uliochapishwa vizuri kabisa unahitaji kama megapikseli 9. Kwa hiyo na 18 zangu albamu ya harusi inatosha na chenji inabaki. Tena albamu yenyewe nani anaitaka siku hizi? Picha zinatumwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, zinakandamizwa huko mpaka lesi za gauni zinageuka shuka. Tangu Agosti 2023 kuna kitufe cha kutuma picha kwa ubora wa juu zaidi. Katika koo zote nilizozipiga picha, sijakutana na shangazi aliyekigusa.

Lakini nisiidhulumu bodi. Bodi ya fulfremu ina sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, ya milimita 36 kwa 24, yangu ni kama 22 kwa 15. Eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya hili langu, na gizani tofauti inaonekana, chenga zinapungua kweli. Nimewahi kuishika 6D, nayo ni fulfremu, ya jamaa yangu kwenye send-off moja Kimara, nikapiga kwa ISO ileile ya 6400, nikaona vipodozi vimekaa pale vilipopakwa. Nilirudisha ile kamera kwa shingo upande. Ukinihoji usiku ule ningekwambia uza kila kitu, nunua bodi.

Asubuhi ndipo akili ikarudi. Lenzi yangu ya boksi ni EF-S, imetengenezwa kwa ajili ya sensa ndogo. Kwenye 5D au 6D haiingii kabisa, na hata ungeilazimisha, kioo kinachoruka ndani ya kamera kingeigonga kisigino. Maana yake ukinunua bodi ya fulfremu hujanunua bodi, umeanza mazungumzo. Inadai lenzi ya saizi yake, lenzi inadai filta ya saizi yake, mafaili yanadai hadidiski, hadidiski inadai kompyuta ambayo haigandi. Na yote hayo kabla mwenyekiti hajalipa salio lake la harusi ya Oktoba, ambalo ananiambia "liko njiani". Sijui linatokea mkoa gani.

Nikaenda Kariakoo angalau nisikie bei. Bodi mpya nilioneshwa ndani ya kabati la vioo na sikuombwa niishike, nadhani kwa kuangalia viatu vyangu. Nikaenda kwa wa mtumba. Kijana kaniita "bosi", kaniletea 5D Mark Two imefutwa mafuta mpaka inang'aa. Hiyo kamera ilipotoka 2008, bodi peke yake Marekani ilikuwa dola 2,699. Leo iko juu ya kaunta ya glasi imelala na chaja za simu na tochi. Nikamuuliza imepiga picha ngapi, kwa sababu shata ya kamera ile, lile pazia linalofunguka kila unapopiga, Canon waliikadiria kuhimili picha 150,000, na mpiga harusi anayekimbizana na kamati hazimchukui muda. Kijana hakusita: "Bosi, hii ilikuwa ya mzungu mtalii. Kapiga simba wawili tu, akarudi kwao." Nikaitazama ile mpira ya kushikia, imelika mpaka chuma kinaonekana. Hao simba lazima walikuwa wagumu kukaa mkao.

Pembeni ya ile bodi ilikuwepo lenzi ya 50mm f/1.8, ya plastiki, nyepesi hadi unadhani ni kifuniko. Canon walianza kuitoa 1987, mwaka ule ule walioleta mfumo wao wa lenzi za EF. Mwaka 1990 wakaifanya ya plastiki hadi pale inaposhikamana na kamera, na 2015 wakaitoa tena iliyotulia zaidi. Ile ya 1990 leo hii ukiifunga kwenye 600D yangu inapiga. Ukiifunga kwenye Mark Four inapiga. Hata hizi kamera mpya zisizo na kioo, ambazo tangu 2018 zimekuja na mdomo wa kushikia lenzi wa aina nyingine, unaweka adapta, inapiga. Bodi zimezaliwa na kuzikwa, kile kiplastiki kipo. Na bei yake haifiki hata ya lile begi ambalo wapiga picha wenzangu wanaibebea Mark Three.

Kuna mzee mmoja wa studio, alikuwa anapiga picha za pasipoti tangu enzi za filamu. Nilimpitia nikamwamkia shikamoo, nikamweleza shida yangu. Akaniuliza, "Mdogo wangu, zamani mimi na wa studio kubwa mjini tulinunua filamu wapi?" Nikamwambia duka moja. "Sasa kama filamu ni ileile, tofauti ilikuwa wapi?" Kwenye lenzi, nikasema, na kwenye jicho. Akafurahi, akaagiza chai. Hoja yake tamu, nilitembea nayo hadi kituo cha daladala ndipo nikaiona inavuja. Siku hizi filamu imejengewa ndani ya bodi. Ukibadilisha bodi umebadilisha na filamu, mzee wangu, ile filamu ya dukani haipo tena. Lakini ningerudije kumwambia, na chai yake nimeshainywa?

Na hiyo lenzi yenyewe si malaika. Kwenye sensa yangu ndogo, 50 inakata picha kama lenzi ya 80. Kwa sura ya mtu mmoja ni raha tupu. Sasa MC anatangaza, "Ukoo wa bwana harusi, upande wa baba, mbele tafadhali!" Wanasimama watu thelathini na watoto wao. Ili niwaingize wote natakiwa nirudi nyuma, nipite meza kuu, nipite keki, nifike jikoni, nipigie picha hapo katikati ya masufuria ya pilau. Halafu f/1.8 ina ubaguzi. Inachagua kitu kimoja cha kuona vizuri na vingine inavifuta. Ukimlenga bibi harusi kwa karibu, kope zake zote zinahesabika, ila mama mkwe aliyesimama hatua moja nyuma amegeuka wingu la kitenge. Nani atakayemweleza mama mkwe kwamba ni mambo ya tundu la lenzi? Ataamini kuna mkono wa mtu, na mkono huo utaonekana umetokea upande wa bibi harusi.

Joto na unyevu wa hapa pwani navyo vina lao. Lenzi ikikaa kabatini muda mrefu bila hewa inaota kuvu ndani ya vioo, vinyuzi vyembamba vyeupe, na vikishika vizuri vinakula utando uliopakwa juu ya kioo usivitoe tena. Ndiyo maana naokota vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vilivyoandikwa "usile" kwenye maboksi ya viatu. Wauza viatu wa mtaani kwetu wananijua. Wananiuliza, "Brazameni, leo viatu?" Hapana, leo vipakiti.

Mama watoto nilimweleza yote haya juzi, na namba zake, na mchoro. Akasikiliza mpaka mwisho akikuna nazi. "Ukinunua bodi, hii lenzi yako ya zamani utaitumia?" Haiingii, nikasema. "Ukinunua lenzi, ile ya zamani utaiuza?" Hapana, ile ndiyo ya picha za ukoo. "Kwa hiyo vyovyote vile, baba watoto, kabati langu linajaa." Ni uchambuzi ambao sijauona mahali pengine popote.

Basi nimeamua lenzi. Hii 50 kwanza, ya kanisani na ya kile kizambarau. Harusi za baada ya Pasaka zikikaa vizuri, na lile salio la Oktoba likiwasili kutoka huko liliko, nitafute 17 mpaka 50 ya f/2.8. Tamron waliitoa, Sigma waliitoa, zote zinaingia kwenye 600D, na zenyewe hazipunguzi tundu ukizivuta. Ukiwa mwisho kabisa bado una mwanga mara nne ya lenzi yangu ya boksi, na ukoo mzima unaingia bila mimi kufika jikoni.

Kikabaki kikwazo kimoja, mjumbe wa maswali. Yeye 50 hawezi kuiona, ndogo mno, ataona nimekuja na kamera ileile imevaa lenzi fupi zaidi, na atadai punguzo. Kwa hiyo kwenye ile kaunta niliongeza hela kidogo nikachukua gripu ya betri ya mtumba. Inafungwa chini ya 600D, kamera inapanda juu na kunenepa, ukiining'iniza shingoni kwa mbali utaapa ni ile ya waandishi wa habari wanaopiga picha za Kombe la Dunia. Picha haibadilishi hata pikseli moja. Nilikwenda nayo kwenye kikao Jumapili, nikaiweka mezani kwa kishindo, sikusema neno. Mweka hazina akatoa bahasha. Mjumbe akaitazama, akaizunguka, akatikisa kichwa kwa heshima, na lile swali lake la Mark halikutoka.

Gripu ina nafasi ya betri mbili. Mimi ninayo moja.