Laini ni ya nani?

Miaka michache iliyopita nilipata kibarua cha kukusanya takwimu za utafiti wa chuo kikuu kimoja kuhusu jinsia na teknolojia kazini. Nikapewa tableti, fulana na dodoso refu lililotafsiriwa na mtu ambaye, naapa, hajawahi kununua hata sado moja ya dagaa. Nikapangiwa Mwaloni, soko la samaki na dagaa pale Kirumba, Mwanza.

Mama wa kwanza nilimkuta kwenye chanja anachambua dagaa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua kichwa. Swali la nne: "Je, mwajiri wako amekupatia kifaa chochote cha kidijitali?"

Akanyoosha mgongo. "Mwajiri? Mwanangu, mwajiri wangu ni giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazikusanyi dagaa, na mimi niko likizo bila mshahara mpaka giza lirudi."

Dodoso halikuwa na kisanduku cha giza. Nikajaza "hapana". Swali lililofuata: anatumia teknolojia kazini? Akasema hapana, mambo hayo ni ya wasomi. Hapo hapo simu ikalia kwenye upindo wa kitenge. Mteja wa Kahama ametuma hela ya magunia mawili. Akasoma ujumbe, akaridhika, akaichomeka tena kitengeni. Nami nikajaza "hapana" ya pili, maana ndivyo alivyojibu. Hapo kosa lilikuwa langu, silisingizii dodoso.

Nilipokwisha kuzima tableti ndipo tukaanza kuzungumza. Kumbe laini si yake. Zile siku za kusajili laini kwa alama za vidole, kabla ya mwisho wa tarehe 20 Januari 2020, alipanga foleni na mashine ikavikataa vidole vyake. Akavifuta kwa kitenge, akapaka mafuta, wapi. Mchanga, magunia na maji ya ziwa vilikuwa vimekwisha kuzila alama. Shemeji yake akaweka dole gumba, laini ikasajiliwa kwa jina la shemeji.

Unaweza kusema kuna ubaya gani, si simu anayo yeye? Ubaya uko kwenye mkopo. Mikopo ya simu hupimwa kwa miamala ya laini. Hela yote ya dagaa inapita pale, lakini anayeonekana kukopesheka ni shemeji, ambaye hajawahi kubeba hata gunia moja. "Alikopa yeye, nikakatwa mimi," mama alisema, akaendelea kuchambua.

Sisemi utafiti hauna maana. Mwaka 2016 Tavneet Suri na William Jack walionyesha kwamba huduma ya pesa kwa simu nchini Kenya iliwawezesha wanawake wapatao 185,000 kuhama kutoka kilimo cha kujikimu kwenda kwenye biashara. Wale waliuliza mwanamke anafanya kazi gani sasa, si kama ana "kifaa". Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru wakazipima programu zinazotambua jinsia ya mtu kwa kutazama picha ya uso. Kwa wanaume weupe zilikosea chini ya mara moja katika mia. Kwa wanawake weusi, mojawapo ilikosea karibu mara 35 katika mia. Ninachowapendea hao wawili ni kwamba waliikagua mashine. Tafiti nyingi za huku kwetu humkagua mwanamke: ana elimu gani, anaogopa nini, apelekwe semina ipi. Yule mama hahitaji semina. Anajua kupokea hela kuliko mimi nilivyojua kuuliza.

Kama ningerudi Mwaloni na dodoso langu mwenyewe, ningeanza na haya: laini imesajiliwa kwa jina la nani? Namba ya siri anaijua nani mwingine? Mkopo wa mwisho alichukua nani, akalipa nani? Maswali ya dakika tano, na dagaa wasingeharibika.

Ripoti ilipotoka, mama alikuwa ameingizwa kwenye safu ya wasiotumia teknolojia. Wiki iliyopita nilimwagiza sado mbili za dagaa, nikamtumia hela kwa simu. Kabla sijathibitisha muamala, likatokea jina la shemeji yake.