Nilivyozama baharini katikati ya Lisbon

Wakuu, mimi mtoto wa Tanga, nimevuka kwenda Pemba kwa jahazi upepo unavuma, watu wazima na ndevu zao wanatapikia ndoo, mimi natafuna zangu karanga. Sasa msinicheke nikisema bahari iliyokuja kunizamisha ni ya mawe, iko katikati ya mji, na haina hata tone la maji. Haya, tone lilikuwepo, ndo chanzo chenyewe.

Nilimtembelea binamu yangu anayeishi Lisbon, kule Ureno. Asubuhi ile manyunyu yamepita, akaniambia, "Kaka, vaa raba." Nikamwona mshamba. Nikatinga vile viatu vyangu vya harusi, soli ya ngozi, vinang'aa mpaka unajiona meno.

Tukafika uwanja wa Rossio. Aisee. Uwanja mzima umetandikwa mawimbi, jeusi jeupe jeusi jeupe, vijiwe vidogo vya kama kiberiti, maelfu kwa maelfu, kazi ya tangu 1848 na 1849, wenyewe mchoro wanauita Mar Largo, yaani bahari pana. Sakafu ni tambarare kabisa ila jicho linakataa, nikajikuta nanyanyua mguu kama napanda wimbi ambalo halipo, na kuna mama mmoja wa makamo kapita pale na visigino virefu kama anakatiza sebuleni kwake.

Binamu akatoa simu anipige picha. "Rudi nyuma kidogo. Kidogo tena. Tena."

Sasa yale mawe ni ya chokaa, yamesuguliwa na miguu ya watu miaka na miaka mpaka yamekuwa laini kama ulimi, yakilowa ni mlenda mtupu. Mguu wa kulia ukaenda kwake, wa kushoto ukaona isiwe tabu ukamfuata, boksi langu la vitobosha vya Kireno, vile pastel de nata, likaruka, na mimi nikala mweleka nikatua kwa makalio juu ya kazi ya mtu. Kulikuwa na fundi pembeni anaziba kiraka, kazungushia utepe vizuri, nami nimeupita ule utepe kinyumenyume. Alikuwa kalaza fremu ya mbao yenye umbo la wimbi, kapanga mawe meusi juu ya mchanga, bado hajayashindilia. Nikayashindilia mimi.

Mzee wa watu hakufoka. Kaangalia shimo, kaangalia makalio yangu, kama analinganisha vipimo. Akaanza upya. Nikabaki nimekaa palepale maana kiuno kimegoma, na ndo nikaona ufundi: anashika jiwe kiganjani mkono wa kushoto, kulia kinyundo kidogo, anagonga tak, anageuza, tak tak, analichomeka. Hapimi kitu! Kwetu kwenye pevingi tunafyatua tofali zote sawasawa na bado ukuta wa fensi unatushinda kufuata, huyu kila jiwe analichonga likae na jirani yake tu. Nikamwambia binamu, muulize haya mambo yalianzaje.

Mzee akanyoosha nyundo juu kilimani kwenye ngome ya São Jorge. Binamu akatafsiri: pale juu mwaka 1842 kamanda mmoja wa jeshi aliwatumia wafungwa kutandika mawe kwa mchoro wa zigizaga, watu wakawa wanapanda kushangaa, ndo baadaye kamanda akapewa na huu uwanja autandike.

Hapo nikataka kujionyesha. Si tunajua Kireno kidogo sisi? Meza yao, bendera yao, mvinyo wao, gereza nalo nimewahi kusikia limetoka kwao. Nikaonyesha kidole ngomeni, nikasema kwa sauti ya msomi, "Gereza!"

Mzee akatikisa kichwa. Nikarudia, "Gereza, gereza!" huku nimeshika kiuno nagugumia. Uso ukambadilika, akaniangalia kwa huruma kabisa, akaweka nyundo chini, akanishika kwapa akaninyanyua, akaanza kunikokota kuelekea upande mwingine. Nikajua tayari, nimeharibu mali ya umma, napelekwa polisi. Namwita binamu, binamu kakaa chini anacheka hawezi hata kusema.

Kumbe kwao igreja ni kanisa. Sisi tulilichukua neno tukaenda kulifungia watu. Mzee kaelewa huyu mgeni kaumia, anaomba kwa uchungu apelekwe kanisani, na São Domingos si iko hapohapo jirani. Akaniketisha kwenye benchi la mbele, akanipigapiga bega, akarudi kwenye mawe yake.

Basi ndo hivo, mimi na kanzu yangu ya Ijumaa kule nyumbani, nimekaa kanisani, suruali imelowa nyuma imejaa mchanga, nimebakiwa na kitobosha kimoja kilichobondeka. Binamu alipoingia, kitu cha kwanza alichofanya ni kupiga ile picha.