Gwaride la Jumamosi na hofu ya kadogo

Bukavu ya leo, mashariki mwa Kongo, ina wazazi wengi wanaotaka skauti na vyama vya vijana vya Kikatoliki, Xaveri na Kiro, wafunge shughuli kwa muda. Sare ziwekwe sandukuni, gwaride lisimame, watoto wabaki nyumbani hadi mji utulie. Hoja yao ni fupi: tangu waasi wa M23 waingie mjini Februari 2025, na Wazalendo, wanamgambo wanaopigana nao, wakiwa milimani, hakuna mzazi mwenye akili anayetaka kuona mtoto wa miaka 13 amesimama mkakamavu, mkono kwenye paji la uso, akingoja amri. Upande wa pili wako mashefu, yaani viongozi wa vikundi, wengi wao vijana wa chuo kikuu au walimu wasiolipwa, wanaojibu kwamba kufunga sasa ni kuwaachia watoto barabara.

Mashefu hawa wanajitetea vibaya. Wanapenda kusema "skauti si jeshi" kana kwamba neno hilo linatosha. Halitoshi. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza, na jina lake lilivuma kutokana na kuzingirwa kwa Mafeking kule Afrika Kusini, kuanzia Oktoba 1899 hadi Mei 1900, ambako wavulana walivishwa sare na kutumwa kupeleka barua kati ya askari. Kambi ya kwanza ya skauti, ile ya kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, ilikuja baadaye. Kwa hiyo mzazi anayenusa harufu ya kambi ya jeshi kwenye filimbi na mistari iliyonyooka hajakosea pua.

Na sisi tuna historia yetu. Mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku vyama vya vijana vya makanisa, akataka kila kijana awe chini ya JMPR, tawi la vijana la chama chake. Waliosoma miaka hiyo wanakumbuka asubuhi za shule: mistari, bendera, nyimbo za kumsifu kiongozi. Kisha ikaja Oktoba 1996. AFDL, waasi wa Laurent-Désiré Kabila waliompindua Mobutu, ilipoingia Kivu, watoto waliandikishwa Uvira, Bukavu na Goma, wakapewa bunduki ndefu kuliko wao, na Mei 1997 baadhi yao waliingia Kinshasa. Tuliwaita kadogo, jina la kubembeleza lililoficha mengi. Kabila mwenyewe, akiwa rais, alipigwa risasi Januari 2001 na mlinzi wake aliyetoka miongoni mwao. Mama wa Kadutu, mtaa wa hapa Bukavu, ambaye kaka yake aliondoka mwaka 1996 bila kuaga, akaona leo mwanawe amefunga fulari shingoni akipiga saluti, ana haki ya kuumwa tumbo. Asiambiwe kwamba haelewi.

Ila hofu hiyo inatazama gwaride, na gwaride ni robo saa. Ukipita Jumamosi alasiri kwenye kiwanja cha shule ambako vikundi hivi hukutana, utaona kwamba muda mwingi unakwenda kwenye jambo lisilovutia macho. Watoto hugawanywa katika vikundi vidogo vya sita hadi wanane. Kila kikundi kina mkubwa wake, msichana au mvulana wa miaka 14 au 15, mwenye daftari la mistari ya miraba, lile la hesabu, lililokatwa katikati ili litoshe mfukoni. Anaita majina. Anayejibu anawekewa alama. Jina likikosa jibu, haendelei na linalofuata. Anauliza: nani amemwona wiki hii? Mmoja atasema amemwona kisimani Jumatano. Mwingine atasema wamehamia kwa shangazi yao Panzi. Kama hakuna anayejua, wawili wanapewa kazi ya kupita kwao kabla giza halijaingia, na jibu lazima lirudi kwa shefu.

Daftari hilo, kwangu mimi, lina uzito kuliko sare, kiapo na nyimbo vikiwekwa pamoja. Katika mji wenye mamia ya maelfu ya watoto, uliojaa wakimbizi kutoka Kalehe, Walungu na kwingineko, ni taasisi ngapi zinazojua ndani ya siku saba kwamba mtoto fulani haonekani? Shule inajua, lakini shule imezoea kudhani kwamba asiyekuja amefukuzwa kwa sababu ya minerval, yaani karo. Mwalimu mwenye wanafunzi 60 darasani hawezi kumfuata kila mmoja. Parokia inajua jina lako siku ya ubatizo, kipaimara na mazishi. Jirani anajua, akiwa bado jirani yule yule. Mtoto aliyehama mara mbili ndani ya miezi sita hana mtu mzima nje ya nyumba yake anayeweza kusema: huyu hayupo, alikuwepo wiki jana.

Waandikishaji wa watoto wanaujua upungufu huu vizuri. Watoto waliotoka kwenye vikundi vya silaha wamekuwa wakitoa sababu zinazofanana miaka yote: wengine walitekwa njiani, wengine walifuata chakula, wengine kisasi, wengine rafiki aliyetangulia. Ukiondoa kutekwa, sababu nyingine zote zinachukua siku au wiki kukomaa. Mtoto huanza kukosa, hubadilisha watu anaotembea nao, huuza vitu vyake. Hapo ndipo wenzake wawili wakigonga mlango wanaweza kubadilisha jambo. Anayemtafuta mtoto wa kubeba risasi humpenda yule ambaye hakuna atakayemuulizia.

Nitasikia jibu: daftari halizuii bunduki. Ni kweli. Watu wenye silaha wakitaka kuwachukua watoto, msichana wa miaka 15 na kalamu yake hatawafanya chochote. Na kuna jibu kali zaidi, ambalo mashefu hawapendi kuligusa: orodha ya majina ya watoto, umri na mitaa yao ni kitu cha hatari ikiangukia mikono mibaya. Madaftari hayo yasilale ofisini wala kwenye simu. Ningetaka yabaki na jina la kwanza tu, na mtaa ubaki kichwani mwa mkubwa wa kikundi. Hili halihitaji fedha wala mafunzo.

Kuhusu utii, wapinzani wana hoja nusu. Wanasema mtoto anayezoea kutii filimbi atatii na nyingine. Inategemea filimbi inapulizwa kwa ajili ya nini. Pale kikundi kinapochagua chenyewe kazi ya mwezi, kusafisha mfereji wa avenue yao kabla ya mvua au kumchotea maji bibi asiye na mtu, mtoto anajifunza pia kubishana na kupigiwa kura akashindwa, na hilo hakuna kambi ya jeshi inayolifundisha. Nyumba za mbao za Kadutu zinapowaka, na huwaka mara nyingi, vijana hawa wamezoea kujipanga mstari wa ndoo bila kungoja kuitwa. Lakini wapo mashefu wanaowarusha watoto kichurachura juani kwa kosa la kuchelewa, na wanajivunia. Hao wanawapa wapinzani ushahidi wa bure. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inamlinda mtoto dhidi ya kuandikishwa vitani na dhidi ya mateso pia. Shefu anayeinukuu sehemu ya kwanza asijifanye hajui ya pili.

Xaveri, kwa watu wa Bukavu, ina hoja ya ziada ambayo nashangaa haitajwi. Ilizaliwa hapa kwetu mwaka 1952, kazi ya padre Georges Defour wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ikasambaa hadi Rwanda na Burundi. Ilipita marufuku ya Mobutu, ikapita vita viwili. Chama kilichopita yote hayo hakikushikiliwa na gwaride. (Skauti nao wana vituko vyao: kusalimiana kwa mkono wa kushoto, desturi yao ya dunia nzima, bado kunawaudhi wazee wetu, na sioni kwa nini mtoto asifundishwe kumpa babu mkono wa kulia.)

Suala la mchango na bei ya sare ni dogo kuliko linavyopigiwa kelele. Vikundi vingi huvumilia fulari peke yake, tena ya kurithi. Kubwa zaidi ni nani anaachiwa watoto. Kijana akijitolea leo, kesho ni shefu, bila mtu kuuliza alikotoka. Hapo wazazi wanaotaka vikundi vifungwe wangefaa kubadilisha dai lao: wawili kati yao wakae kiwanjani kila Jumamosi, kwa zamu, wakiwa na ruhusa ya kuuliza chochote. Mashefu watanung'unika kwamba hawaaminiwi. Wanung'unike.

Sare nazo? Zivaliwe ndani ya kiwanja, zivuliwe mlangoni. Rangi ya kaki isionekane barabarani mwaka huu, wala mistari, wala filimbi karibu na kizuizi cha askari, kwa sababu mtu mwenye bunduki na woga hana muda wa kutofautisha. Saluti inaweza kungoja miaka. Kuitana majina hakuwezi.

Limebaki suala la kambi za likizo kubwa, zile za kulala nje ya mji siku kadhaa, Kavumu au upande wa Walungu. Watoto wanaziota mwaka mzima na mashefu wanaziona kama kilele cha kazi yao. Katika hili nakubaliana na wazazi moja kwa moja. Barabara haziaminiki, na hakuna shefu anayeweza kuahidi kuwarudisha wote aliokwenda nao. Kambi iwe ya mchana, kwenye kiwanja kile kile, wapike ugali na sombe pamoja, na saa kumi kila mmoja awe njiani kwenda kwao.