Tranka ndani ya tranka

Nilikuwa stoo Majengo, Moshi, nahesabu mahema. Kesho yake tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame na wageni wanne. Simu ikaita: Mmarekani wetu, yuko hotelini Shanty Town, kando ya bwawa la kuogelea. Akaniambia "trunks" zake zimo kwenye "trunk", nimletee upesi, maji yanamsubiri.

Mimi nimesoma bweni. Trunk naijua toka kidato cha kwanza: tranka. Sanduku la bati, kufuli, ndani sukari na karanga, vyote vinanuka sabuni ya kufulia.

Kwa hiyo ni tranka ndani ya tranka. Stoo nzima ilikuwa nayo moja tu, ya Babu mpishi. Kuifungua, kweli, chini ya masufuria mna kisanduku kingine cha bati, cha viungo. Nikasema haya, wazungu na mambo yao, labda huyu ana aleji anataka kukagua iliki.

Tranka ile hubebwa na watu wawili. Nikakodi kirikuu, elfu kumi toka mfukoni mwangu. Mlinzi wa hoteli alitufungulia geti akidhani kuna mtu anahamia. Tukapita katikati ya watu wanaoota jua, masufuria yanagongana kama ngoma ya harusi, tukaishusha miguuni pa mgeni aliyejifunga taulo tu.

Akafungua. Akatoa mwiko. Akautazama mwiko, akanitazama mimi.

Alicheka mpaka taulo likataka kumkimbia. Kumbe alichotaka ni bukta ya kuogelea, aliyoisahau kwenye buti la gari tulilompokea nalo uwanja wa ndege, KIA. Buti kwao ndiyo trunk, maana magari ya zamani yalifungwa sanduku halisi kwa nyuma. Akakaa juu ya tranka ya Babu akanipa darasa: neno limetoka kwenye Kilatini, truncus, Waingereza wakalipokea kwa Wafaransa. Gogo la mti ni trunk. Akajipiga kifua: kiwiliwili nacho ni trunk, yaani mtu ukimtoa kichwa, mikono na miguu. (Kwa taulo lile, vielelezo havikukosekana.) Mkonga wa tembo, trunk vilevile. Akaanza kunitungia sentensi ya tembo aliyeingiza trunk kwenye trunk kutafuta trunks, nikamwomba apumzike.

Hapo Babu akapiga. Tranka yake iko wapi, maharage yako motoni na chumvi imo humo? Nikamweleza yote, tangu Kilatini. Akasema enzi zake trunk ilikuwa simu: unaiomba pale Posta, unakaa kwenye benchi mpaka uitwe uongee na Dar. Hakucheka hata kidogo. Na kirikuu ya kurudi nilipe mwenyewe.

Asubuhi, geti la Machame, mgeni akaniuliza viatu vyake vya kupandia viko wapi. Mimi nilifundishwa Kiingereza cha Uingereza, nikamjibu kwa kujiamini kwamba "boots" zake zimo kwenye "boot". Nikaenda kupanga mizigo kwenye mizani.

Niliporudi, mwenzake alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kashikilia mti, soksi inaning'inia. Mmarekani wangu amepiga magoti, buti la mwenzake mkononi, mkono umezama ndani mpaka kwenye kiwiko, anatafuta.