Orodha ya wapiga mizinga, na wapagazi wetu

Tangu nihamie bonde la Shenandoah, Virginia, kinachonigusa kuliko mishahara na barabara ni jinsi wazungu wa huku walivyoshika habari za mababu zao. Kanisani kwetu kuna mzee ambaye babu wa babu yake alikuwa Rockbridge Artillery, kikosi cha mizinga kilichoundwa mjini Lexington mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza, kupigania majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Mmoja wa makapteni wao, William Pendleton, alikuwa kasisi, na mizinga yao minne iliitwa Mathayo, Marko, Luka na Yohana. Bado ipo kwenye chuo cha kijeshi cha mji huo. Hata mtoto wa Jenerali Lee, kamanda mkuu wa jeshi lao, alitumikia kikosini humo kama askari wa kawaida. Walipigana mpaka jeshi lao liliposalimu amri huko Appomattox, Virginia, Aprili 1865, na majina yao yametunzwa.

Mimi siwapigii saluti. Walipigania serikali iliyoundwa ili watu weusi waendelee kumilikiwa, na kuibatiza mizinga majina ya Injili hakuisafishi kazi hiyo. Kinachoniuma zaidi ni sensa ya 1860. Watumwa waliorodheshwa humo chini ya jina la bwana wao: umri, jinsia, rangi, basi. Mjukuu wa mpiga mzinga anamkuta babu yake kwa jina, cheo na tarehe. Mjukuu wa mtumwa anakuta umri.

Nasi tuko upande huo wa pili. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza na Wajerumani waliwabebesha watu wetu mizigo ya majeshi yao, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa, malaria na kuhara. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, inawataja kuwa miguu na mikono ya jeshi, na inaahidi kwamba watoto watalikumbuka jina la aliyekufa. Hakuna hata jina moja la mpagazi juu yake.

Babu wa mama yangu alichukuliwa na Wajerumani kutoka Singida, hakurudi. Bibi mmoja wa ukoo wetu bado anawajua wengine waliochukuliwa naye, kama alivyosimuliwa na baba yake, na mpwa wangu ameanza kuwaandika kwenye daftari. Ndugu zangu mlio nyumbani, kaeni na wazee wenu mwaka huu. Ulizeni nani alichukuliwa, alikuwa mtoto wa nani, alitoka kijiji gani.